Kifuniko cha Mvule

Nilijua naumwa kweli siku kaka yangu alipoacha kunisema.

Kaka ni seremala. Mtaani wanamwita Randa, maana hana mkono, ana randa. Mimi wananiita Pamba, kwa kazi yangu: najaza pamba na kushona kitambaa cha ndani ya majeneza. Karakana ni ya kwetu, aliianzisha marehemu baba. Mbele tunaweka vitanda na meza, nyuma majeneza, na kila anayeingia anatazama vitanda tu, anajifanya kule nyuma hakuoni. Haya, asitazame. Sisi hatuna haraka naye.

Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, Randa hakuwahi kumaliza asubuhi bila kunitia maneno. Marinda yako yamekwenda upande. Toa pini mdomoni, utazimeza. Unashona au unaparura? Nami simwachii, mdomo wangu sikuuazima kwa mtu. Basi siku hiyo nimeinama kwenye jeneza la mteja, pini mdomoni kama kawaida, nikageuza shingo nikahisi kitu kimejaa upande wa kushoto. Nikapapasa. Vinundu, vimepangana chini ya ngozi kama maharage. Nikamwita Randa aje ashike. Akashika. Nikangoja aseme huo ni uvivu umetafuta pa kujificha. Hakusema. Aliniambia kwa upole nikae, nipumzike.

Nipumzike!

Homa nayo ikafuata. Mchana mzima mimi mzima, jua likielekea kuzama naanza kutetemeka, nikilala naamka shuka linakamuka jasho. Sketi ikaanza kuzunguka kiunoni yenyewe. Mama akasema twende hospitali, na tukaenda wote watatu, Randa akiwa na maranda bado kwenye nywele.

Daktari wetu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na vidole vya baridi. Alinibonyeza shingo, kwapa, tumbo, akauliza kama viungo vinauma, kama ngozi ina vipele, kama nywele zinanyonyoka. Akapima kifua kikuu, hakikuwepo. Akanipa vidonge vya kuua vijidudu, nikavimeza vyote, vinundu havikujali. Mwishowe akasema itabidi akate tezi moja ipelekwe maabara, watu waitazame kwa hadubini.

"Moja tu?" mama akauliza. "Si ukate zote tuondoke nazo?"

"Mama, hatukati ili kuziondoa. Tunakata ili tujue ni nini."

"Mkishajua mtakata tena?"

Daktari akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Nilikuja kuizoea tabia hiyo. Kila mama alipofungua mdomo, miwani ilifutwa.

Jibu lilipotoka, halikuwa jibu. Aliyeitazama ile nyama ameona sehemu nyingi za tezi zimekufa, daktari akasema, na pembeni yake kuna chembe zinazotia shaka. Huenda ni saratani ya tezi. Huenda siyo, kuna magonjwa mengine yanayofanana nayo sana. Nyama itapelekwa kwa bingwa mwingine, mbali, aitazame upya, na sisi tuwe na subira.

Mama yangu, akiambiwa maneno mawili, hulichukua la kwanza akaondoka nalo. Alisikia ile "huenda" ya mwanzo tu. Njiani kurudi alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, na tulipofika nyumbani Randa hakuingia ndani. Alipitiliza hadi karakana, akapanda darini, akaanza kushusha mbao za mvule.

Hapa sina budi kueleza, la sivyo mtatuona wendawazimu. Jeneza la mteja linatengenezwa kwa siku moja, kwa kuwa maiti haingoji. Mbao nyepesi, misumari, rangi, basi. Lakini baba alikuwa na sheria yake: mtu wa nyumba hii halali kwenye jeneza la haraka. Wa kwetu akiugua ugonjwa mzito, kazi inaanza mapema, mbao ngumu, kona za kupachikana bila msumari. Baba mwenyewe alipougua alilijaribu lake. Alipanda akalala, akafumba macho, akasema kona ya mguu wa kushoto inambana. Randa akaitengeneza upya. Baba akalala tena, akajinyoosha, akasema, "Sasa hapa mtu anaweza kufa." Akafa wiki hiyohiyo, ameridhika kabisa. Kwingine mgonjwa anapelekewa matunda. Kwetu anapelekewa futi.

"Mimi sijafa!" nikapiga kelele.

"Nani amesema umekufa?" mama akasema. "Kaka yako anakupenda, nawe unanuna. Mvule ule! Baba yako mwenyewe alizikwa kwenye mninga."

"Basi nimshukuru?"

"Ungekuwa na adabu, ungemshukuru."

Kesho yake Randa akaja kunipima. Nilisimama mlangoni, naye akanizunguka na futi bila kunitazama usoni.

"Usisimame kwa vidole," akasema.

"Sijasimama kwa vidole. Ndio urefu wangu."

Siku nyingine tungebishana mpaka mama aingilie. Safari hii alipima mabega, kisha akasema, "Tafadhali, geuka." Tafadhali! Tangu kuzaliwa sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Randa. Nikageuka ili asinione.

Uvumi hauna miguu lakini unatembea. Haikuchukua muda shangazi yetu, dada yake baba, akaingia na mkoba mkubwa, ameshavaa nguo nyeusi.

"Shangazi, mbona nyeusi?" nikamuuliza.

"Mwanangu, mimi miguu yangu mibovu. Nikingoja taarifa nitachelewa." Akaketi pembeni ya kitanda changu, akalia kilio kizuri, cha mpangilio, chenye kunitaja sifa ambazo sijawahi kuwa nazo. Alipochoka akaomba chai. Alipomaliza chai akaniuliza lile koti langu la kijani ninamwachia nani.

"Simwachii mtu. Nalivaa mwenyewe."

"Sawa, mama, sawa," akasema, akinipapasa mkono. "Lakini siku ile hutalivaa, si ndiyo?"

Shangazi ana miaka mingi kuliko karakana yetu. Amezika ndugu zake wote, na kila msiba anaondoka na kitu. Nilimtazama anavyoloweka mkate kwenye chai, anavyolalamika kwamba sukari haitoshi, na nikamwonea wivu. Acha niseme wazi: nilikuwa naogopa kufa. Sikutaka makubwa. Nilitaka kuzeeka niwe msumbufu kama shangazi, niwe na miguu mibovu, nichoshe watu.

Sanduku lenyewe likaisha, tena likaisha zuri, siwezi kusema uongo. Mvule umepigwa msasa mpaka unateleza. Ikafika zamu ya kitambaa, na hapo wote wakanitazama mimi.

"Ala!" nikasema. "Nijishonee mwenyewe?"

"Tunaweza kumwita yule wa ng'ambo ya barabara," Randa akasema polepole.

Yule wa ng'ambo ya barabara! Yule anayebandika marinda kwa gundi! Nilale milele kwenye gundi, mimi? Thubutu! Nilitoka kitandani siku ileile, nikachagua satini ya rangi ya maziwa, nikapima, nikakata, nikaanza kushona asubuhi asubuhi kabla homa haijapanda. Shangazi aliketi karibu ananishikia pini na kuniambia jinsi nilivyokuwa mtoto mtiifu. Sikuwahi kuwa mtoto mtiifu. Kwenye mito nilijaza pamba mara mbili ya ile tunayompa mteja. Nilipofika kwenye kile kimto cha kichwa nilijaribu kukilalia, kuona kama kinanifaa, na vinundu vikaniuma upande wa kushoto, nikabadilisha nikakichimba kidogo upande huo. Ndipo nikajiona ninachokifanya. Nililia, kisha nikamalizia kushona, maana ncha ya uzi ilikuwa imebaki nje.

Kikabaki kifuniko.

Kila nilipouliza, Randa alijibu, "Bado kifuniko." Namsikia anaranda, namsikia anakata, namsikia anagonga. Jioni: bado kifuniko. Wakati huohuo majeneza ya wateja yanatoka mlangoni kama mikate ya moto, kila moja na kifuniko chake. Mama akaacha kuuliza. Shangazi, aliyeaga kwake kwamba anakwenda kwa siku chache, akaanza kulalamika anacheleweshwa.

Siku moja niliingia jikoni kutafuta maji, nikanusa moshi usio wa kawaida. Mama alikuwa anachemsha maharage, na chini ya sufuria yake ulikuwa unawaka mvule.

"Mama, hizi kuni umezitoa wapi?"

"Kaka yako ananiletea. Anasema ni mbao zilizoharibika. Zinawaka vizuri mno, maharage yanaiva upesi."

Nikavuta kipande kimoja ambacho moto haujakigusa. Naijua kazi ya mkono wa Randa kuliko ninavyoijua sura yake. Kingo zimenyooka, uso umesuguliwa, na hakuna kasoro hata ya kutafuta. Kilikuwa kifuniko, kizima, kimekatwakatwa. Na kando ya jiko kulikuwa na lundo. Familia nzima ilikuwa inakula maharage yaliyopikwa kwa vifuniko vyangu.

Nilifura. Nikajitupia shuka mabegani, nikaenda karakana na kile kipande mkononi.

"Randa, jeneza langu lina nini?"

Hakuinua kichwa. "Kifuniko kilipinda."

"Hiki kimepinda? Hiki? Nitazame!"

"Hicho kilipungua upana."

"Wewe upunguze upana? Wewe unayekata ubao huku unaongea na simu? Tazama pale!" Nikamwonyesha majeneza ya wateja ukutani, yote yamefungwa vizuri, kimya. "Watu baki unawafunika bila shida. Yule mzee aliyetutukana mpaka matusi yakamwisha, ulimfunika vizuri. Mimi dada yako, tumbo moja, ndiye nizikwe wazi kama sufuria?"

"Mbao siku hizi..." akaanza.

"Usinisingizie mbao! Sema huitaki kazi yangu. Sema nimwite seremala mwingine."

Akashika randa, akaiweka. Akaishika tena. "Kesho nitakimaliza."

"Kesho gani? Wewe unajua mimi nina kesho ngapi?"

Neno likanitoka kabla sijalikamata. Randa akapeperusha maranda kwenye meza kwa kiganja, pole pole, mpaka meza ikawa safi na kiganja bado kinapeperusha.

"Ndiyo maana," akasema.

Ndiyo maana ya nini? Sikumwelewa. Nilikuwa na homa na hasira, na vitu hivyo viwili haviachi nafasi kichwani. Nikadhani bado anazungumzia mbao. Nikamtupia kile kipande miguuni nikarudi kulala, nikamnunia, wala chakula chake sikumwekea.

Simu ya hospitali ilikuja asubuhi mama akiwa anafagia. Daktari alisema tuje leo, sote. Mama akaketi palepale sakafuni na ufagio mkononi. Tukaenda: mimi na shuka langu, mama, Randa kavaa shati lake la maana, na shangazi na nguo zake nyeusi, maana hakuna aliyeweza kumzuia.

Tulikaa kwenye chumba cha daktari, kiti kimoja kikiwa pungufu, Randa akasimama. Mlango ukafunguliwa. Daktari akaingia, na nyuma yake madaktari wengine wanasukumana, na wote, nasema wote, wanatabasamu.

"Hongera sana!" daktari akaniambia, akanipa mkono.

Mama akageuka kunitazama tumbo. "Hongera ya nini? Una mimba?"

"Mama, hapana." Miwani ikafutwa. "Bingwa amejibu. Si saratani. Tumethibitisha na vipimo vya ziada kwenye nyama ileile. Binti yako ana ugonjwa unaoitwa Kikuchi. Umepewa jina la daktari aliyeueleza. Tezi zinavimba, homa inapanda jioni, jasho, mwili unapungua, na hata chini ya hadubini unaweza kumdanganya mtu akadhani ni saratani. Mara nyingi unawapata wanawake vijana. Ni adimu mno! Mimi katika kazi yangu yote ndio mara ya kwanza kuuona."

"Mimi niliukosa kwenye mtihani," daktari mmoja kijana akasema kwa uchungu. "Naomba nishike?"

Wakapanga foleni. Nakwambia walipanga foleni, wakanishika shingo mmoja mmoja, wengine wakarudi mara ya pili, na mmoja akaniambia asante sana kana kwamba vinundu nimevifuga kwa ajili yake. Nilikaa pale shingo nimeinyoosha, sijui nilie au nicheke, masikio yanavuma.

Shangazi ndiye aliyerudisha watu kwenye mstari. "Dawa yake nini?"

"Za kutuliza homa na maumivu tu," daktari akasema. "Wenyewe huondoka. Wiki kadhaa, pengine miezi."

"Unaondoka wenyewe?"

"Wenyewe."

"Na hauui?"

"Ni nadra sana."

Shangazi akamtazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Ugonjwa gani huo? Hauna dawa, hauui. Sasa ulikuja kufanya nini?"

"Kusema kweli, mama, hata sisi chanzo chake hatukijui vizuri," daktari akasema. Kisha akanigeukia mimi, akaeleza kwamba atapima damu, kwa sababu wachache wenye ugonjwa huu hupata baadaye ugonjwa mwingine, ule wa kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe, na kwamba nirudi anitazame mara kwa mara, maana Kikuchi huweza kurudi ingawa si kawaida. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Sikuwa nasikia sawasawa.

Randa alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti changu. "Sema tena," akamwambia daktari.

Daktari akasema tena, pamoja na hadubini na vipimo vya ziada.

"Sema bila udaktari."

Daktari akamtazama, na mara hii hakuigusa miwani. "Dada yako hafi kwa ugonjwa huu."

Randa akaitikia, "Haya," akatoka nje. Tulimkuta getini ameelekea ukuta, anapenga kamasi kwenye shati lake la maana.

Nyumbani mama aliteleka chai, analia na kuimba kwa pamoja. Shangazi alienda kubadili nguo, na kumbe mkobani alikuwa na gauni la maua muda wote. Randa hakupita ndani. Nikasikia msumeno. Kisha randa, ndefu, bila kusita, ile sauti yake ya zamani. Mama akamimina chai akaniambia nimpelekee, nikaibeba, kikombe kinaniunguza vidole, nikavuka ua.

Sikuwa nimekiweka kikombe mezani alipoinua kifuniko akakitua juu ya sanduku langu. Hakukigonga. Kilishuka chenyewe, polepole, kinasukuma hewa iliyokuwa ndani, kikakaa. Nikapitisha ukucha kwenye maungio yake pande zote. Haukuingia popote. Chai bado ilikuwa inatoa moshi.

Nikamtazama Randa. Jasho linamtiririka, macho mekundu, na anajifanya anatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Zile siku zote. Zile kuni zote za mvule. Na mimi nikamwambia nitazikwa wazi kama sufuria.

"Kumbe ulikuwa unaweza," nikasema.

"Ubao huu ulikuwa mzuri."

"Muongo wewe."

Shangazi akatokea mlangoni na gauni lake la maua, akalizunguka jeneza, akaligonga kwa vidole. "Basi hili mnipe mimi. Mimi na yeye urefu ni ule ule."

"Halitoki humu," Randa akasema. "Tutaweka mablanketi."

Akafungua kifuniko aone ndani, akainama, akapitisha mkono kwenye satini. Kisha akakunja uso.

"Marinda haya yote yamekwenda upande," akasema. "Hebu tazama. Ulikuwa unashona au unaparura?"

Nikamwambia akome, kama anaona nimekosea achukue sindano ashone mwenyewe. Halafu nikaketi kwenye maranda, pale pale chini, nikalia mpaka chai yake ikapoa.